Mashine ya Kuchanja Kuni Iliyoundwa Changamwe: Uzoefu Wangu Katika Bekari

Bekari yangu iko Kisauni, Mombasa, na tanuri lake ni la matofali, linakula kuni usiku kucha ili mikate ya boflo ifike madukani kabla ya watu kutoka msikitini alfajiri. Kuni zenyewe ni mvinje kwa sehemu kubwa, kutoka Kwale na Kilifi, zikichanganyika na mwarobaini na miembe iliyozeeka, na huletwa zikiwa magogo mazima yasiyopita kwenye mlango wa tanuri mpaka yachanjwe. Mashine mpya za haidroliki, yaani zinazosukuma kwa presha ya mafuta, nilizoulizia bei zilinishinda, kwa hiyo nilimwendea fundi wa jua kali, Changamwe, anayeunda zake kwa vyuma chakavu. Nimeitumia masika na kiangazi, na ninaamini sasa ninaweza kuieleza kwa haki kwa wenye bekari, wenye mikahawa na wapishi wa harusi wanaofikiria kuagiza kama hiyo.

Umbo lake si gumu kueleweka. Msingi ni boriti ya chuma ya karibu mita mbili, ya aina inayobeba mapaa ya maghala. Upande mmoja imefungwa silinda iliyotolewa kwenye tingatinga lililovunjwa, yenye kipenyo cha ndani cha milimita 100 na mwendo wa sentimita 60, na upande wa pili imesimamishwa kabari. Gogo hulazwa katikati, bamba lililo kwenye ncha ya pistoni hulisukuma, na kabari hulipasua. Mafuta husukumwa na pampu ya gia inayotoa takriban lita 16 kwa dakika, ikizungushwa na mota ya umeme wa fezi tatu yenye kilowati 5.5.

Fundi aliniuzia mashine hiyo kama ya tani 20, na hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kushika kalamu kabla ya kushika pochi, kwa sababu nguvu ya silinda haitokani na maneno bali na mambo mawili tu, yaani eneo la uso wa pistoni na presha ya mafuta. Pistoni ya milimita 100 ina eneo la sentimita za mraba 78.5. Valvu ya kuachilia presha iliwekwa bar 170 (bar moja ni uzito wa kilo moja na kidogo kwa kila sentimita ya mraba), na geji inathibitisha hivyo, kwa hiyo nguvu halisi ni tani 13 na nusu. Ili silinda hiyo ifikie tani 20 ingehitaji bar 250, presha ambayo nisingependa kuiona ndani ya mipira ya kupitishia mafuta iliyokwisha kutumika, wala mota hii isingeweza kuizungusha pampu ile ile kwa mzigo wa namna hiyo. Simwiti fundi mwongo, maana nimegundua kwamba wengi wao hutaja tani kwa kuangalia ukubwa wa silinda kwa macho. Lakini anayenunua aombe kipenyo cha silinda na presha ya valvu, kisha azidishe mwenyewe.

Jambo la kufurahisha ni kwamba tani 13 na nusu zinatosha. Mvinje mbichi una nyuzi zilizonyooka, na kabari ikishaingia kiasi cha upana wa vidole vinne, gogo hujifungua lenyewe kwa mlio mkavu na vipande huanguka huku na huku kabla pistoni haijamaliza safari. Mwembe hauachi kirahisi, nyuzi zake hushikana hata baada ya kupasuka, na mara nyingi inabidi kuusukuma mpaka mwisho. Kazi hasa iko kwenye mwarobaini wenye kifundo. Siku moja nilisimama kando ya geji nikitazama gogo la namna hiyo, nene kuliko paja la mtu mzima: sindano ilipanda ikapita bar 100, ikapita 150, mota ikabadilisha sauti, rangi iliyo kwenye kona za boriti ikaanza kufanya nyufa ndogo, na kwa muda hakuna kilichosogea. Kisha sindano ikaanguka ghafla, na kifundo kilikuwa kimekatwa katikati, si kupasuliwa, kilaini kama kilichopitiwa na randa. Mzee anayeiendesha, ambaye kwa miaka ndiye aliyekuwa akinichanjia kwa shoka, huligeuza kila gogo kwanza atafute ufa wa kukaukia, kisha huuelekeza kwenye kabari. Magogo anayoyalaza yeye hupasuka kwa presha ndogo kuliko yale wanayoyalaza vijana, na hilo unaliona kwenye geji.

Kasoro ninayoihisi kila siku ni mwendo. Silinda ikijaa inachukua karibu lita 4.7, na kwa pampu ya lita 16 hiyo ni takriban sekunde 18 kwenda na kiasi cha 13 kurudi, kwani upande wa kurudi fimbo ya pistoni imepunguza nafasi ya mafuta. Mashine za kiwandani nyingi huwa na pampu ya hatua mbili, ambayo husukuma mafuta mengi kwa presha ndogo wakati bamba linalifuata gogo, na likishagusa kitu kigumu huhamia kwenye mafuta machache ya presha kubwa. Fundi hakuwa nayo, na alitaka kunipa silinda kubwa zaidi badala yake, ya inchi tano. Nilikataa, na bado naona nilifanya vyema, maana silinda hiyo ingepata tani karibu 22 kwa presha ile ile lakini ingechukua karibu nusu dakika kwenda tu. Dawa ya bei nafuu tuliyoipata ni kutorudisha bamba mpaka mwisho. Magogo yangu hukatwa sentimita 45, kwa hiyo robo ya mwendo ni safari ya bure, na mzee huuachilia wenzo wa valvu bamba likishapisha gogo linalofuata.

Usalama ndio uliponisumbua zaidi. Valvu yenyewe ni nzuri, kwa kuwa wenzo ukiachwa hurudi katikati na pistoni husimama papo hapo. Lakini mpira wa presha ulipitishwa sentimita chache tu kutoka kifuani mwa anayeendesha, ukiwa mtupu, bila kifuniko chochote. Mafuta yanayochuruzika kwenye tundu dogo kwa bar 170 hupenya ngozi kama sindano, na jeraha lake huonekana dogo ilhali ni la kukimbizwa hospitali mara moja. Niliagiza mpira uhamishiwe chini ya boriti na uvishwe turubai nzito, na kila anayefanya kazi kwangu anajua kwamba uvujaji hautafutwi kwa kiganja, bali kwa kipande cha boksi baada ya kusimama mbali. Skrubu ya valvu ya presha nayo ilikuwa wazi, kijana yeyote mwenye spana angeweza kuikaza akidhani anaongeza nguvu. Tuliifunga kwa nati ya kufuli.

Boriti iko chini mno, usawa wa magoti. Gogo bichi la mvinje ni zito, na kuinama nalo asubuhi nzima huumiza mgongo. Urefu wa kiuno, pamoja na meza ndogo pembeni ya kushikilia nusu inayosubiri kuchanjwa tena, usingemgharimu fundi chuma kingi. Kabari ilichongwa kwa springi ya lori ikachomelewa kwenye bamba la kawaida bila kupashwa moto kwanza, na chuma cha springi hakivumilii hilo. Ufa mwembamba ulijitokeza kwenye maungio, ikabidi irudiwe. Fundi aliirudia bila malipo, na safari hii alikipasha moto chuma na kukiacha kipoe polepole kwenye jivu.

Kuhusu mafuta, hewa yetu ya joto na chumvi ina masharti yake. Tunatumia mafuta ya daraja la 68, mazito kidogo, kwa sababu baada ya saa moja ya kazi tangi la lita 40 huwa halishikiki kwa mkono. Kazi ikiisha pistoni huachwa imerudi ndani, maana fimbo yake ikibaki nje hushika kutu ya vidoadoa, na vidoadoa hivyo ndivyo vinavyokwangua sili, yaani pete zinazozuia mafuta yasivuje. Tangi lilikuja na ukuta wa ndani unaotenganisha mafuta yanayorudi na yanayovutwa, jambo ambalo sikulitarajia na linalostahili sifa, ila halikuwa na kichungi, nami nikakiongeza.

Nililipa shilingi 165,000 pamoja na kuisafirisha. Uchanjaji ulikuwa ukinigharimu takriban shilingi 4,000 kwa wiki. Sasa mzee analipwa 1,500 kwa saa chache za kazi nyepesi, pamoja na zamu ya tanuri ambayo hakuwa nayo zamani, umeme ni kama 300, na ninaweka 200 kando kwa ajili ya mafuta na sili. Akiba ni shilingi 2,000 kwa wiki, kwa hiyo fedha yangu inarudi kwa muda wa mwaka mmoja na miezi saba hivi. Anayechoma nusu ya kuni zangu atasubiri mara mbili ya hapo, na asiye na fezi tatu atalazimika kutumia injini ya petroli, ambayo itakula sehemu kubwa ya akiba hiyo. Huyo namshauri aendelee na mchanjaji wake wa shoka.

Mwenzangu mwenye bekari Likoni ameagiza yake kwa fundi yule yule. Ameomba boriti ya kiuno, mpira upite chini tangu mwanzo na kichungi kwenye tangi, na nyongeza aliyotajiwa ni shilingi 12,000. Ningeilipa.