Mbeya hadi Karonga, Malawi, kwa Kosta na Hiace: panda, ila chagua kiti

Stendi ya Nanenane jijini Mbeya hakosi mtu wa kukuuzia tiketi ya "moja kwa moja mpaka Lilongwe". Kama hana ofisi wala basi la kukuonyesha, achana naye. Kosta za pale mwisho wake ni Kasumulu, penye mpaka na Malawi, au Kyela, na ng'ambo ya mto Songwe karatasi hiyo haina kazi. Lipa kipande kwa kipande, na muulize konda waziwazi: gari linafika mpakani, au linakata kwenda Kyela na kukuacha njia panda ukatafute bodaboda? Akijibu "tunafika huko huko", bado hajajibu.

Upande wa Tanzania unavumilika. Viti vya dirishani havina neno. Kinachotesa ni kile cha kukunja cha katikati. Kabla ya kukalia, sukuma mgongo wake kwa kiganja. Ukiyumba, pini imekwisha, na kona zote za Kiwira mpaka Tukuyu utazibeba kwa kiuno. Isitoshe, kila anayeshuka kutoka nyuma anakusimamisha. Sweta ivulie njiani mapema: milima ya Rungwe ina ukungu na madirisha hufungwa yote, lakini mkiteremka bonde la Kyela joto linakupokea ghafla, na hapo hakuna nafasi ya kunyoosha mkono uivue.

Mpakani, gonga mihuri yote miwili, wa kutoka na wa kuingia, na daraja la Songwe livuke kwa miguu. Vijana wa baiskeli watakuharakisha upite tu. Usithubutu, barabara ya Karonga ina vizuizi vya polisi. Saa irudishe nyuma kwa saa moja.

Kutoka hapo hadi Karonga ni kama kilomita 45, na ndipo kubanana kwenyewe kunapoanza. Safu ya Hiace ya watu watatu inakaa wanne, goti la jirani likiwa mbavuni mwako. Gari haliondoki mpaka lijae, na kujaa kwenyewe kuna ujanja: wale waliotulia ndani bila hata mfuko mara nyingi ni wapiga debe. Abiria wa kweli akifika, mmoja wao anateremka kimyakimya. Kwa hiyo hesabu mizigo, usihesabu vichwa. Kiti cha mbele kina nafasi, ila injini iko chini yake na mapaja yataiva. Safu iliyo nyuma ya dereva ndiyo nzuri.

Toa kwacha ndogondogo. Ukitoa noti kubwa, chenji inakuwa "baadaye" hadi unashuka. Lugha si tatizo ukijua Kinyakyusa, maana na Kingonde cha Karonga ni ndugu.

Kati ya alama 5, kipande cha kwanza nakipa 3, cha pili 2. Mwenye mtoto au kiroba cha mchele alipie viti viwili tangu stendi. Gari likishatembea, bei ya mzigo anapanga konda.