Pete ya ukoo wa Samarys: uzoefu wangu na miungu na koma wa Morrowind

Tangu enzi za saiba ya shilingi moja kwa dakika, miungu ya kwenye magemu ilikuwa kwangu kama kituo cha mafuta. Unafika kwenye sanamu, unabonyeza, unajazwa nguvu, unaondoka zako kuua majitu. Hakuna mungu hata mmoja aliyewahi kunisumbua akili baada ya kuzima mashine. Na nilipoanza Morrowind sikuwa natafuta dini. Nilitaka tu gemu itakayokubali laptopu yangu kuukuu, ambayo ukiifungulia kazi mbili kwa pamoja huvuma kama mashine ya kusaga mahindi.

Gemu yenyewe ilitoka mwaka 2002, ya tatu katika mfululizo wa The Elder Scrolls wa kampuni ya Bethesda. Diski ya kwanza niliuziwa na jamaa mmoja wa kibandani Mombasa, ilikuwa imekwaruzika mpaka ikagoma katikati ya kusakinisha, na jamaa akashikilia kwamba mbovu ni laptopu. Baadaye niliinunua mtandaoni ilipopunguzwa bei, nikaiendesha kwa OpenMW, programu ya bure iliyotengenezwa na wapenzi wa gemu hii. Unahitaji mafaili halali ya gemu, mengine yote OpenMW inajifanyia, hata kwenye Linux. Hapo sina neno.

Unaanza ukiwa mfungwa. Meli inakushusha Seyda Neen, kijiji kidogo cha pwani penye matope kwenye kisiwa cha Vvardenfell. Karani anakuandikisha, unachagua asili yako kati ya 10 na nyota ya kuzaliwa kati ya 13, halafu unaachiliwa. Hakuna mshale wa kukuonyesha pa kwenda. Unaelekezwa kwa mdomo kama unavyoelekezwa kijijini, na ukipotea, umepotea.

Wenyeji wanaitwa Dunmer, watu wa ngozi ya jivu na macho mekundu, na jambo la kwanza utakalogundua ni kwamba wanaishi na wafu wao. Kila baada ya vilima viwili vitatu kuna mlango umechimbwa kwenye mwamba, na juu yake jina la ukoo. Karibu na Seyda Neen kuna kaburi la ukoo wa Samarys. Wachezaji wakongwe wote humwambia mgeni aende huko mapema, kwa sababu ndani kuna pete ya kuongeza akili na nia. Nikaenda.

Siku hiyo nilikuwa nyumbani Kilifi, nimekaa barazani. Nyanya alikuwa nyuma yangu anachambua mchicha, na mimi sikujua kama anaangalia.

"Wafanyani humo gizani?"

"Natafuta pete, nyanya."

"Ya nani?"

"Ya watu wa zamani. Wameshakufa."

"Wamekufa nimesikia. Nauliza pete ni ya nani."

Sikumjibu, kwa sababu wakati ule ule mzimu wa ukoo ulinitokea ukiwa mweupe na umekunjamana, ukaanza kunipiga. Nikauchoma kwa upanga wangu wa chuma. Hakuna kitu. Chuma cha kawaida hakiumizi mzimu katika gemu hii, unahitaji silaha ya madini ya fedha au uchawi. Nilikufa. Nyanya akacheka kicheko kifupi, akaendelea na mchicha wake.

Mimi ni Mgiriama. Kwetu wafu ni koma, nao hawaendi mbali. Akifariki mzee wa chama cha Gohu, husimamishiwa kigango, gogo lililochongwa likasimama wima kama mtu, na kikishasimama hakitakiwi kung'olewa hata familia ikihama boma. Huja wakati koma akatokea ndotoni kudai haki yake, basi humwagwa tembo la mnazi na watu huzungumza naye. Na sote tunajua kilichovipata vigango: viling'olewa usiku, vikauzwa, vikaishia kwenye kuta za matajiri na makumbusho ya ng'ambo. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kutoka makumbusho ya Marekani, na waliokuwa nyumbani siku ile bado wanaisimulia. Sasa mimi, mjukuu wa watu hao, nimekaa barazani pa nyanya naingia makaburi ya koo za watu na gunia.

Nilirudi na upanga wa fedha, nikamshinda yule mzimu, nikachukua pete. Ndani kulikuwa na mitungi. Nikaifungua mmoja mmoja kama mwizi mzoefu: sarafu kidogo, na unga wa mifupa. Unga huo ni kiungo cha dawa, unasagwa na kuchanganywa na vitu vingine, au unauuza dukani. Niliuza. Ilichukua siku kadhaa ndipo ikanijia kwamba ule unga haukuwa bidhaa. Ule alikuwa ni mtu.

Gemu hailihesabu tendo hilo kuwa wizi, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa. Ukichukua kijiko kwenye nyumba ya mtu unatozwa faini, askari wanakufukuza mji mzima. Ukifagia kaburi zima la ukoo, sheria iko kimya, wanaokasirika ni wenye kaburi peke yao. Ajabu ni kwamba vitabu vilivyomo ndani ya gemu vinasema kinyume: Dunmer wanachukia mno mtu anayechezea mabaki ya wafu wao. Imani imeandikwa vizuri, lakini aliyeweka sheria za wizi hakuisoma.

Imani yenyewe, hata hivyo, ina kina ambacho sijawahi kukiona kwenye gemu nyingine. Wahenga wa Dunmer si mapambo. Mlima Mwekundu ulio katikati ya kisiwa umezungushiwa ukuta wa uchawi, Ghostfence, na kinachoupa nguvu ni mifupa na roho za wafu wenyewe, wanaozuia uovu wa mlimani usishuke. Niliposimama mbele yake kwa mara ya kwanza nilifikiria fingo, ile hirizi ya ulinzi iliyofukiwa kayani. Aliyeubuni ukuta ule huenda hajawahi kuisikia Kilifi, lakini wazo la kwamba mpaka wa nyumba hulindwa na waliotangulia alilipata sawasawa.

Kuanzia hapa nafichua mambo. Gemu ina zaidi ya miaka 20, lakini usiseme sikukuonya.

Juu ya wahenga kuna miungu watatu walio hai: Almalexia, Sotha Sil na Vivec. Wana hekalu, makuhani na kodi ya heshima kila mahali. Vivec ana mji wenye jina lake, na juu ya mji huo limening'inia jiwe kubwa kama kilima, limesimama hewani kwa uwezo wake. Ndani ya jiwe hilo makuhani wamechonga jela ya wanaoikosoa dini, wakaiita Wizara ya Ukweli. Nilipoingia nilipiga mluzi mwenyewe.

Lakini watatu hawa hawakuzaliwa miungu. Walikuwa washauri wa jemadari aitwaye Nerevar. Chini ya Mlima Mwekundu kulikuwa na moyo wa mungu aliyekufa zamani, na vifaa vya kuuchezea vilivyoundwa na fundi wa watu wengine waliotoweka. Waliutumia moyo huo wakajifanya miungu. Sasa adui yao Dagoth Ur amekalia moyo ule, hawawezi tena kwenda kujichaji, na nguvu zinawaisha polepole huku hekalu likihubiri kwamba mambo ni shwari. Na Nerevar? Hekalu linasema alikufa kwa majeraha ya vita. Ashlander, wafugaji wa nyikani, wanasema aliuawa na hao hao washauri wake. Ukiokota vitabu utakuta simulizi nyingine tena, na gemu haikupi hukumu mpaka mwisho. Nilikaa nikisubiri mahali ambapo sauti fulani ingeniambia ukweli ni huu. Haikuja. Mtu aliyekulia kwenye matanga, akisikia wazee watatu wakisimulia kifo kimoja kwa namna tatu, ataelewa kwa nini nililipenda hilo.

Sehemu niliyoifurahia kuliko zote ni hija za hekalu. Kila kituo kinakudai kitu, na kitu chenyewe kina maana. Kwenye mashamba ya Kummu, Vivec inasemekana alimkuta mkulima ambaye guar wake, mnyama wao wa kazi, amekufa, na bila mnyama hakuna mavuno. Mungu akaingia yeye mwenyewe matopeni akafanya kazi ya mnyama. Sasa hujaji anatoa nini pale? Si dhahabu. Anatoa ute wa mmea wa majimajini, kitu cha kuteleza kisicho na thamani. Niliuchuma kandokando ya ziwa, nikasimama mbele ya kijiwe kile kidogo katikati ya shamba, nikautoa, nikapewa baraka. Pale pale nikasoma hadithi yake, na kwa dakika moja nilimpenda Vivec ingawa nilikwisha kujua ni muuaji. Kituo kingine kipo chini ya kasri lake. Unafika kwenye maji, njia imeisha, na andiko linakuambia uyavute maji kama hewa. Nilizunguka nusu saa nikitafuta mlango wa siri. Mlango hakuna. Unatakiwa ujiachie uzame, damu ipungue, ipungue, mkono wako uko kwenye kitufe cha kuogelea juu unajizuia, na ghafla unajikuta upande wa pili. Magemu mengine hukuambia mhusika wako ana imani. Hii ilinitaka niwe nayo mimi.

Halafu ndoto. Ukilala ndani ya gemu, kuna usiku unaota jitu refu lililovaa kinyago cha dhahabu, linakuita kama rafiki wa zamani. Huyo ni Dagoth Ur. Mijini unakutana na watu waliokwisha kuingiliwa usingizini, wanabwabwaja maneno yake mchana kweupe. Kwetu ndoto ni barua, mtu akiota mara mbili huenda kumwona mzee. Kule barua ni ya uongo na hujui umuulize nani. Nilianza kuogopa kulalia vitanda vya Morrowind, nikawa natembea na mhusika aliyechoka.

Ukweli ni kwamba wa kumuuliza wapo: Ashlander. Hao hawaabudu wale watatu, wamebaki na wahenga na Azura, mungu wa kike wa kale, na wana mama wenye hekima wanaosoma ndoto na unabii. Chifu wa Urshilaku, kabla hajakukubali, anakutuma kwenye mapango ya mazishi ya ukoo wake ukalete upinde wa baba yake. Mzimu wa baba mwenyewe ndiye anaulinda. Kwa nje ni kazi ile ile ya Samarys: giza, mifupa, pigana, chukua. Lakini safari hii mwenye mfu ndiye aliyenituma, na nilipourudisha upinde mkononi mwake aliniachia, uwe wangu. Tofauti hiyo gemu haikuieleza kwa neno lolote. Niliihisi vidoleni.

Mengine haraka. Mapigano ya mwanzo yatakuudhi, unaona upanga umempata mtu lakini hesabu za ndani zinasema umekosa. Mwendo ni wa konokono. Kuna ndege wabaya wanaokufuata kila ukitoka mjini mpaka unawatukana kwa lugha ya mama. Kiingereza ni kingi mno, usipopenda kusoma hutafika popote, na hakuna Kiswahili. Unaweza kumuua mtu muhimu kwa bahati mbaya, gemu ikakuambia uzi wa unabii umekatika, ukachagua kurudi nyuma au kuishi kwenye dunia uliyoiharibu. Mimi nilimuua mmoja kwa sababu ya pete nyingine. Nyongeza yake ya kwanza, Tribunal, inamalizana na miungu wawili kati ya wale watatu, na ni nzuri lakini ina vyumba virefu visivyoisha.

Naipa nane na nusu kwa kumi. Moja nimeikata kwa ajili ya makaburi, nusu kwa ajili ya ndege.

Baada ya kumaliza hadithi kuu nilirudi Seyda Neen kwa miguu, nikaingia kaburi la Samarys. Mzimu hakuwepo tena, niliyemuua hakurudi. Nikaivua pete, nikaiweka chini pale nilipoikuta. Gemu haikusema kitu, hakuna sauti, hakuna maandishi. Nikampigia nyanya simu jioni kumwambia kwamba ile pete nimeirudisha. Alinyamaza kidogo akijaribu kukumbuka ni pete gani, halafu akauliza:

"Na ukamwaga nini?"

Nikakata simu, nikafungua gemu upya, nikatembea mpaka baa ya Seyda Neen kununua chupa ya sujamma, pombe yao Dunmer.