Hatifungani za Serikali kupitia benki za Arusha: bidhaa imara, dirisha la kusuasua

Ukiingia benki karibu na Mnara wa Saa ukasema unataka hatifungani za Serikali, yaani kuikopesha Hazina kwa miaka kadhaa kwa riba, usishangae ukianza kunadiwa akaunti ya muda maalumu. Hiyo ndiyo bidhaa ya benki yenyewe. Hatifungani ni ya Hazina, benki ni mlango tu, na ndiyo maana huduma dirishani inasuasua. Omba afisa wa dhamana za Serikali au wa hazina ya benki, kisha dai fomu mbili: ya akaunti ya CDS, yaani daftari la Benki Kuu linaloonyesha unamiliki nini, na ya zabuni, yaani ombi lako la kununua mnadani. Nenda na kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi, picha za pasipoti na namba ya akaunti itakayopokea riba. Fungua CDS mapema, kabla mnada haujatangazwa. Anayekuja na fomu zote mbili siku ya mwisho huachwa.

Mnada hufanyika Jumatano kwa ratiba inayotolewa na Benki Kuu, na fedha hukatwa kesho yake. Unaanzia shilingi 1,000,000, unaongeza kwa mafungu ya 100,000. Mgeni aombe kwa zabuni isiyo ya ushindani: hapangi bei, anapewa wastani wa bei za walioshinda. Kwenye zabuni ya ushindani unaandika mwenyewe bei kwa kila shilingi 100 za thamani iliyoandikwa kwenye hati. Ukipanda mno umenunua ghali, ukishuka mno umekosa.

Bei ndiyo sehemu isiyoelezwa vizuri, na hapo ndipo watu wanapolia baadaye. Chukua hati ya 10,000,000 yenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Itakulipa 600,000 kila miezi 6, uwe uliinunua rahisi au ghali. Ukiipata kwa 96.50, umetoa 9,650,000. Ukiipata kwa 103, umetoa 10,300,000, na siku ya kuiva, yaani muda wake unapoisha, unarudishiwa 10,000,000 tu. Na kama ni toleo la zamani lililofunguliwa upya, unalipa pia riba iliyokwisha kulimbikizana tangu malipo ya mwisho. Kwa hati hiyo hiyo, ikiwa imepita miezi 3, ongeza 300,000. Zitakurudia kwenye riba inayofuata, lakini Alhamisi asubuhi lazima ziwe ndani ya akaunti. Kodi ya zuio ya asilimia 10 inagusa hati zisizofika miaka 3. Ndefu zaidi hazikatwi.

Huduma hii peke yake tungeipa alama za wastani. Kinachoibeba ni mdaiwa mwenyewe, na hapo inabidi tutoke Arusha kidogo, kwa sababu mji huu umejaa wenye kampuni za utalii na wa tanzanite wanaoona deni salama ni la Marekani, shilingi ni ya matumizi tu.

Marekani ni mdaiwa mwenye uwezo mkubwa anayegombana na nafsi yake. Bunge lao hupitisha matumizi, hupitisha kodi, halafu hupiga kura nyingine kuamua kama Hazina iruhusiwe kukopa kulipia yale yale yaliyopitishwa. Kikomo hicho cha deni chanzo chake ni sheria ya mwaka 1917. Januari 2023 kiligota dola trilioni 31.4. Hazina ikaanza kubana hapa na pale, kama kusimamisha michango kwenye mifuko ya watumishi, na Waziri wa Fedha Janet Yellen akaonya kwamba fedha zingeweza kuisha mapema Juni. Mwishoni mwa Mei, dhamana fupi za Hazina hiyo za kuiva siku hizo zilikuwa zikiuzwa kwa faida inayozidi asilimia 7. Kura za kumaliza mvutano zilikuwa 314 kwa 117 kwa Wawakilishi na 63 kwa 36 kwenye Seneti. Rais Joe Biden akasaini tarehe 3 Juni.

Lawama ni ya nani? Kwa maoni yetu, kwanza ni ya anayeshikilia kura ya kulipa deni la matumizi yaliyokwisha kuidhinishwa. Mwaka 2023 hao walikuwa Warepublican wa Spika Kevin McCarthy, ambao chini ya Donald Trump walisitisha kikomo hicho hicho mara 3 bila kishindo kama hicho. Lakini Ikulu nayo ilikaa miezi ikisema haijadiliani, kisha ikajadiliana Mei. Na Barack Obama alipokuwa seneta mwaka 2006 alipiga kura ya kukataa kukiongeza. Soko halichagui chama: kati ya kampuni zinazopima uwezo wa nchi kulipa madeni, S&P iliishusha Marekani daraja Agosti 2011, Fitch ikafuata Agosti 2023, na zote zilitaja namna nchi inavyoongozwa.

Kwetu mvutano wa aina hiyo hauna pa kuota. Ibara ya 141 ya Katiba inautwisha Mfuko Mkuu wa Hazina deni la Serikali. Bunge likikataa bajeti, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja, kwa hiyo wabunge wanaokataa nao wanarudi kwa wapiga kura. Kipimo cha deni ni asilimia 55 ya pato la taifa kwa thamani ya sasa (malipo yajayo yakihesabiwa kwa thamani ya leo), wala si kiasi cha fedha cha kupigiwa kura katikati ya mwaka. Kwa mnunuzi wa hati huu ni unafuu. Kwa mlipakodi kuna ubaya wake: deni likikua, tunaambiwa ni himilivu, na hakuna kura moja inayomlazimisha mtu kusimama na kulijibia.

Hatari ya kweli ya hatifungani zetu ni mfumuko wa bei na thamani ya shilingi ndani ya miaka 20 au 25. Mwenye madeni ya dola asizikimbilie na mtaji wake wote.

Ya pili ni kutoka. Kuuza kabla ya kuiva kunapitia dalali wa soko la hisa, na wengi wao wako Dar es Salaam. Uliza kamisheni na bei ya sasa kabla ya kusaini, maana riba zikiwa zimepanda sokoni, hati yako inauzwa chini ya ulichotoa. Wakati mwingine ni nafuu kuiweka dhamana ya mkopo benki. Anayetaka kupaua nyumba Njiro mwakani aachane na hatifungani kabisa, aombe dhamana fupi za Serikali za siku 364.