Uzi wa Kununua kwa Anayefuma Msimu Mmoja kwa Mwaka

Wengi wetu hatufumi mwaka mzima. Sindano hutolewa kabatini baridi inapoanza kuuma, hufanya kazi kwa miezi mitatu au minne, kisha joto likirudi, kazi iliyofika nusu hukunjwa na kuwekwa pamoja na madonge ya uzi yaliyobaki. Mfumaji wa namna hii ana mahitaji yake, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha ya uzi anaonunua hupita ndani ya boksi. Kwa hiyo nimezipanga nyuzi hapa chini, kuanzia inayofaa zaidi, kwa kuzipima kwa maswali matatu: kama uzi unavumilia kukaa miezi minane bila kuharibika, kama ukifumuliwa unaweza kufumwa tena, na kama mabaki yake yanaweza kuingia katika kazi nyingine.

Kabla ya aina, kuna jambo moja la kusoma kwenye karatasi iliyolizunguka donge. Tazama urefu wa mita kabla ya kutazama uzito. Madonge mawili ya gramu 50 yanaweza kulingana kwa uzito, lakini moja likawa na mita 200 za uzi mwembamba na lingine mita 85 tu za uzi mnene, na anayenunua kwa kuhesabu madonge hujikuta amepungukiwa katikati ya mkono wa sweta.

Nafasi ya kwanza naipa sufu ya kawaida yenye nyuzi tatu au nne zilizosokotwa pamoja, ya unene wa kati, ule unaoandikwa DK na unaotoa takriban vitanzi 22 katika upana wa sentimita 10 kwa sindano za milimita 4. Sufu ina mapindo yake ya asili, kwa hiyo huvutika na kurudi, nayo husamehe mkono ambao umekaa miezi mingi bila kufuma na bado haujapata mkazo wake wa kawaida. Vitanzi visivyolingana hujipanga vyenyewe kazi inapooshwa mara ya kwanza. Huweza pia kunyonya unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi majimaji. Zaidi ya yote, sufu hufumuliwa vizuri. Uzi uliotoka kwenye sweta lililofumuliwa huwa umejikunjakunja kama tambi, lakini ukiufunga kwa duara, ukauloweka katika maji ya uvuguvugu na kuutundika ukauke, hunyooka na kuwa tayari kwa kazi nyingine. Kwa mtu mwenye akiba ya uzi, huko ni sawa na kununua uzi mara moja na kuutumia mara mbili.

Ulaini uchague kwa ngozi ya mvaaji. Nywele za sufu ya kondoo wa merino kwa kawaida huwa na kipenyo cha chini ya maikroni 24 (maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali ngozi ya watu wengi huanza kuwashwa na nywele zinazozidi maikroni 30 hivi; lisugue donge shingoni kwa muda kabla ya kuamua, kwa maana kiganja hakihisi kitu. Ukiona neno “superwash”, ujue magamba ya nywele yameondolewa makali au kufunikwa, kwa hiyo uzi huo hautajifunga na kusinyaa ukifuliwa kwa mashine, lakini huelekea kurefuka ukilowa na unapaswa kukaushwa ukiwa umelazwa. Mimi huchagua “superwash” kwa nguo za watoto, na sufu isiyotiwa dawa kwa sweta la mtu mzima, kwa sababu hushika umbo lake miaka mingi.

Udhaifu wa sufu ni nondo, na jambo hili linahitaji maelezo, maana ndilo linaloteketeza akiba za watu. Nondo mwenyewe hali kitu. Wanaokula ni viwavi wake, ambao huishi kwa keratini, protini iliyomo katika sufu, manyoya na nywele, nao hupenda giza, utulivu na uzi wenye jasho au vumbi. Msimu mmoja nilifungua mfuko wa sufu ya kijivu ambayo kwa nje ilionekana nzima kabisa. Nilivuta ncha, ikatoka kiasi cha shubiri moja ikakatika. Nikavuta tena, ikatoka kiasi kile kile ikakatika, na chini ya mfuko palikuwa na punje ndogo kama mchanga, za rangi ile ile ya uzi, ambazo ni kinyesi cha viwavi. Tangu siku hiyo kila sufu inayoingia nyumbani kwangu hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kukaa wiki mbili kwenye friza ya nyuzi joto 18 chini ya sifuri, kisha huachwa irudi kwenye joto la kawaida bila kufunguliwa, ili umande ushike nje ya mfuko na si kwenye uzi. Baada ya hapo huhifadhiwa katika boksi lenye mfuniko unaobana. Vipande vya mierezi vinanukia vizuri, lakini havitoshi kuwa ulinzi pekee.

Nafasi ya pili ni ya uzi wa soksi, yaani sufu iliyochanganywa na nailoni, mara nyingi kwa asilimia 75 kwa 25. Nailoni huupa uzi nguvu kisiginoni, mahali ambapo sufu tupu hutoboka upesi. Sababu inayonifanya niuweke juu hivi ni hesabu yake: gramu 100 huwa na takriban mita 400, na kiasi hicho hutosha jozi moja ya soksi za mtu mzima. Donge moja ni kazi moja kamili, ambayo huanza na kwisha ndani ya msimu huo huo. Mabaki ya rangi mbalimbali huunganishwa yakawa soksi za mistari, bila mtu kushangaa.

Ya tatu ni mchanganyiko wa pamba na akriliki. Viwavi hawaufuati ukiwa safi, huoshwa kwa mashine, na akriliki huupunguzia uzito na kuuongezea mvuto kidogo ambao pamba peke yake haina. Kwa nguo za mtoto mchanga, na kwa mtu ambaye ngozi yake haivumilii sufu hata iliyo laini, ningeupandisha hadi nafasi ya kwanza.

Akriliki tupu naiweka ya nne, na nasema hivyo bila dharau, kwa kuwa blanketi nyingi zinazopendwa zimefumwa kwa akriliki. Ni ya bei nafuu kuliko nyingi nyingine, haichuji rangi kirahisi, na hukaa kabatini miaka bila madhara. Kasoro zake ni kwamba hainyonyi jasho, za daraja la chini huota vijidonge mapema, na pasi yenye moto huilegeza moja kwa moja isirudi tena. Isitumike kwa kushikia vyungu, maana huyeyuka.

Pamba tupu ni ya tano kwa msimu wa baridi. Ni nzito, haivutiki, huichosha mikono, na sweta lake hurefuka kwa uzito wake lenyewe. Hata hivyo, ndiyo inayoshikika mikono inapotoka jasho, kwa hiyo madonge machache ya pamba kwa mifuko na vitambaa vya kufutia vyombo humwezesha mfumaji asiweke sindano chini kabisa miezi ya joto.

Za mwisho ni nyuzi za mapambo: moheri (manyoya ya mbuzi wa Angora), alpaka tupu (sufu ya mnyama wa jamii ya ngamia), na nyuzi nene zisizosokotwa pamoja na nyingine. Zinapendeza rafuni kuliko zote, na ndizo zinazojaza maboksi. Manyoya ya moheri hushikana kiasi kwamba kufumua mistari kumi ni kazi ya jioni nzima. Alpaka ina joto jingi lakini hulegea kwa kukosa mapindo. Na uzi usiosokotwa huota vijidonge kwapani kabla ya msimu kwisha. Nunua tu ukiwa umekwisha kuchagua kitu utakachofuma na kujua mita zake.

Kuhusu kiasi, kwa uzi wa unene wa kati sweta la mtu mzima huhitaji kati ya mita 1,000 na 1,400 kutegemea ukubwa na mtindo, na kofia huhitaji kati ya mita 100 na 200. Ongeza donge moja juu ya hesabu yako, na uhakikishe madonge yote yana namba moja ya mkupuo wa kutia rangi (yaani uzi uliotiwa rangi pamoja kwa mara moja), ambayo huandikwa pembeni mwa namba ya rangi yenyewe. Mikupuo miwili inaweza kuonekana sawa chini ya taa za dukani. Sweta likishafumwa, mstari huonekana wazi pale mkupuo wa pili ulipoanzia. Mfumaji wa msimu yumo hatarini zaidi hapa, kwa sababu anaporudi kuongeza uzi baada ya miezi minane, ule mkupuo umekwisha zamani. Ikibidi kuchanganya, fuma mistari miwili kwa donge la zamani na miwili kwa jipya, kwa kupokezana, ili tofauti ienee.

Akiba yenyewe huongozwa na daftari dogo na mizani ya jikoni. Donge la gramu 50 lenye mita 120 likibaki gramu 20, una mita 48 mkononi, na unaweza kuamua papo hapo kama zinatosha ukingo wa kofia. Andika aina, mita, mkupuo na kazi uliyoikusudia, na karatasi ya donge ibaki na uzi wake. Uzi ulionunuliwa ukiwa shada refu lililosokotwa usiuzungushe kuwa donge mpaka siku ya kuanza, kwa maana ukikazwa miezi mingi hupoteza mvuto wake. Maduka mengi hurudisha au hubadilisha madonge ambayo hayajafunguliwa, ila ndani ya muda waliouweka; uliza muda huo kabla ya kulipa, na risiti uiweke katika boksi lile lile lenye donge la ziada.