Uzamili wa Lishe Hapa Nairobi: Kabla ya Karo, Nunua Mizani

Wenzangu watatu wa kazini wameniuliza mwezi huu kama wajiunge na kozi niliyoimaliza Desemba, ya uzamili wa lishe ya binadamu, masomo ya jioni na Jumamosi. Nimechoka kurudia jibu lile lile kwenye foleni ya chai, basi naliandika hapa mara moja. Chuo sikitaji. Nyota naipa tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za somo moja tu.

Mimi ni mtu wa Malindi, afisa lishe, miaka saba katika wodi ya watoto. Maziwa ya F-75 na F-100, yale ya kutibu watoto wenye utapiamlo mkali, naweza kuyaeleza nikiwa usingizini: kilokalori 75 na 100 katika kila mililita 100, unaanza na yale mepesi mpaka mwili wa mtoto utulie, ndipo unampandisha. Utepe wa kupimia mzunguko wa mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, huhitaji hotuba, huyo ni wa matibabu. Kwa hiyo muhula wa lishe ya hospitalini niliupitisha nikisinzia, nasema ukweli. Wenzangu waliotoka kilimo na ualimu ndio waliotokwa jasho, na ndio waliofaidi. Ukitoka wodini, jua hilo kabla hujalipa.

Somo lililonishika ni la kupima ulaji. Siku ya kwanza mhadhiri aliingia na sahani ya ugali na sukuma, akaiweka mezani, akatuambia kila mtu aandike gramu za ugali. Tulikuwa ishirini na wawili. Majibu yalianzia 150 yakafika 600. Akatoa mizani mkobani, akapima: 410. Mimi nilikuwa nimeandika 250. Miaka saba nawaambia akina mama "mwongeze chakula kidogo", na hicho kidogo chenyewe sikijui kwa macho.

Baadaye tukapelekwa mtaa wa Kawangware, wawili wawili, kuwahoji watu walichokula saa 24 zilizopita. Ukimuuliza mtu jana alikula nini, atakwambia chai, ugali, mboga, amemaliza. Kazi inaanzia hapo. Chai ya maziwa au ya rangi? Sukari vijiko vingapi, vya bapa au vya mlima? Ilikuwa na kitu cha kusindikiza? Kumbe palikuwa na mandazi mawili, na nusu ya moja alipewa mtoto. Mama tuliyemhoji alikuwa na watoto wanne, na mafuta yake ananunua ya kupima, ya mbao, yaani shilingi 20, kila jioni. Sasa hayo ni gramu ngapi? Hakuna kitabu kinachokuambia. Tulishuka naye hadi dukani, tukanunua ya mbao, tukayapima: gramu 58. Mama akacheka mpaka akashika mlango. "Daktari, hata mafuta ya mbao mnayapima kama dhahabu?" Mimi si daktari, lakini kusahihisha hilo nilishaacha zamani.

Siku ya pili tulipima unga kabla haujaingia kwenye sufuria, tukapima ugali ulipoiva, tukakaa kando kimya. Sinia moja, watoto wanne. Wakubwa wanamega na kuchovya bila kupumua. Wa mwisho, wa miaka miwili, anachezea tonge, anaangalia paka, anarudi. Alipofika tonge la nne sinia lilikuwa limefagiwa. Usiku ule nilipiga hesabu: kwa jumla, nishati ya chakula cha nyumba ile ilitosha. Karatasi inasema wameshiba wote. Niliyemwona na paka hayumo kwenye karatasi, isipokuwa umempima yeye peke yake. Tangu siku hiyo nikihoji wodini nauliza kwanza mtoto ana sahani yake au hana.

Jambo lingine la kusifia: tulifanyia hesabu kwenye jedwali la virutubisho vya vyakula vya Kenya la 2018, lile la serikali na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, si majedwali ya Ulaya ambamo mboga zetu unazitafuta kwa jina la binamu zake. Huku wanaita managu, kwetu Pwani ni mnavu, na darasani tulibishana nusu saa kama ni kitu kimoja. Takwimu nazo zilifundishwa vizuri, ingawa nilizichukia. Mhadhiri alituonyesha udumavu wa watoto nchini umeshuka kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi 18 mwaka 2022, tukaanza kufurahi. Akafungua ukurasa wa kaunti: Kilifi, kaunti ya kwetu Malindi, 37. Darasa zima likageuka kunitazama mimi, kama kwamba ndiye niliyewadumaza.

Maabara, hapana. Protini ya chakula hupatikana kwa kupima nitrojeni kisha kuizidisha kwa 6.25, na ndiyo sababu mwaka 2008 kule China watu waliweza kutia kemikali ya melamini kwenye maziwa na vipimo vikadanganyika: nitrojeni imo, protini haimo. Somo tamu kabisa. Ila mashine ya kupimia ilikuwa mbovu siku tunaanza na mbovu siku tunamaliza, majaribio tukayanakili ubaoni.

Chakula cha sisi wanalishe? Darasa linaanza saa kumi na moja na nusu, linaisha saa mbili na nusu usiku. Chakula cha jioni kilikuwa smoki pasua, soseji ya kupasuliwa, langoni, chumvi juu, kachumbari kidogo ya kutuliza dhamiri.

Sasa tasnifu, ambako nyota mbili zilianguka. Msimamizi wangu alikaa na sura tatu za kwanza miezi mitano. Nikapiga simu, nikaandika, nikamvizia kwenye ngazi. Zilipotoka zilikuwa na alama tatu za kalamu nyekundu, zote za nukta na mkato. Ofisini nako nakala yangu moja ilipotea, nikaulizwa mimi iko wapi. Kozi ya miaka miwili nikaimaliza kwa mitatu na nusu, na kila muhula wa ziada unalipiwa. Kwa hiyo usimchague msimamizi kwa jina lake kubwa. Waulize waliomtangulia: karatasi anairudisha baada ya wiki ngapi? Na swali la utafiti njoo nalo mwenyewe, dogo, la mtaa mmoja. Kibali cha kamati ya maadili na cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, anza kuvishughulikia mapema, na uweke akiba ya nauli na posho ya wasaidizi, maana karo haigusi hata shilingi ya huko.

Wanaotoka fani nyingine waelewe pia kwamba shahada ni kitu kimoja na kibali cha kufanya kazi ya lishe ni kingine. Hicho kinatolewa na KNDI, taasisi ya wanalishe ya Kenya, kwa sheria ya 2007. Nendeni mkaulize huko kabla ya kulipa, si baada ya mahafali.

Je, ningeirudia? Kwa lile somo la kupima, ndiyo, hata kesho. Kwa zile ngazi za msimamizi, hata unipe gari.

Mizani yangu ya jikoni niliinunua shilingi 1,800 na bado inapima sawasawa. Atakayejiunga Septemba aje wodini aichukue, betri atanunua mwenyewe.