TAHADHARI: Madalali wa viwanja vya ufukweni Kigoma

Ndugu zetu wa Kibirizi, Katonga, Ujiji na vijiji vya juu hadi Mwamgongo, kuna madalali wanapita mialoni, mnapopaki mitumbwi, wakitafuta "eneo la hoteli". Wanapenda kuja wakati Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, maana wanajua hapo ndipo nyumbani hakuna hela. Wanatoa advansi ndogo taslimu na karatasi kadhaa, zote zisainiwe siku hiyohiyo.

Mkataba wa mauziano ndio watu huusoma. Hatari iko kwenye karatasi ya chini yake, ile inayompa dalali mamlaka ya kuuza kwa niaba yako. Ukishaweka dole gumba pale, anaweza kuuza kwa bei aitakayo, hata kwa watu wawili, na kesi ikija mshtakiwa ni wewe. Usiisaini kabisa. Baba au mama asome kila ukurasa na mtoto anayejua kusoma, na nakala ibaki nyumbani kabla hela haijapokelewa.

Halafu mipaka. Ukiona imeandikwa "magharibi inapakana na ziwa", kataa. Maji ya Tanganyika yamepanda miaka hii na kumeza nyumba za Kibirizi. Yakirudi nyuma, mwenye karatasi atadai mchanga wote, pamoja na mnapovuta mitumbwi na kuanika dagaa. Mwalo ni wa wote, hauuzwi na ukoo mmoja. Dai vipimo vya mita, vilivyopimwa kwa futi kamba au na mpimaji, siyo hatua za miguu.

Wanunuzi nanyi msikilize. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kiwanja cha mita 30 kwa 80 kinachoanzia majini kinakuachia mita 20 tu za kujenga. Dalali halitaji hilo, na bei anaipiga kwa mita zote 80.

Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa si hati. Ndani ya manispaa, nenda ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja, uombe upekuzi rasmi, yaani wakuangalizie kwenye daftari kiwanja ni cha nani. Kijijini, omba kuona muhtasari wa halmashauri ya kijiji na wa mkutano mkuu, wenye tarehe na saini za waliohudhuria. Shamba la marehemu linauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama kaka mkubwa ndiye anayelilima. Nyumba ya familia inahitaji ridhaa ya mwenza, kwa maandishi.

Kama umeshasaini, usirudishe advansi mkononi kwa dalali bila shahidi na risiti. Mpelekee afisa ardhi barua ya malalamiko leo, nakala mbili: moja ibaki ofisini na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kisha peleka mgogoro Baraza la Kata kwa usuluhishi, na likishindwa fungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kabla dalali hajaleta mnunuzi wa kuweka nguzo.