Boti ya alumini ya mtumba: uzoefu wangu wa kuifufua Kigoma

Boti yenyewe ni ya futi 14, bodi ya alumini iliyoungwa kwa ribiti (pini za chuma laini zinazogongwa mpaka zishike pande zote mbili), na kwa miaka mingi ilikuwa imelazwa kifudifudi nyuma ya nyumba moja Ujiji. Ndiyo boti yangu ya kwanza. Sasa inaelea, natoka nayo Kibirizi kuvua kuhe na migebuka kwa mshipi, na nikiulizwa kama ningenunua nyingine ya namna hii, jibu ni ndiyo. Ila haikaguliwi kwa jicho lile tunalokagulia mtumbwi wa mbao.

Kwenye boti kuukuu ya alumini, bati ni kitu cha mwisho cha kukutia wasiwasi. Alumini haishiki kutu kama chuma. Ikikutana na hewa inajifunika yenyewe kwa ngozi nyembamba ya oksidi. Kilichokuwa kimeoza kwangu ni vyote visivyo alumini: ubao wa tezi, yaani nyuma ya boti, unaobeba injini, sponji ya chini ya viti, bolti za chuma, viraka vya waliotangulia. Na vitu hivyo haviharibiki peke yake, vinalila na bati lililo jirani. Bolti ya chuma ikigusana na alumini, katikati pakawa na maji, umeme mdogo unapita na anayeliwa ni alumini. Shaba ndiyo mbaya kupita zote. Kwa hiyo mbao za dawa, zile zenye ukijani kama nguzo za umeme, zisiingie kabisa kwenye boti hii, maana dawa yake kwa kawaida ina shaba. Kuna mtu aliwahi kutandika sakafu ya mbao hizo kwenye boti yangu. Tulipoing'oa, bati chini yake lilikuwa na vishimo vya ukubwa wa kichwa cha pini, na kwingine kote lilikuwa zima.

Maji ya Tanganyika nayo yana lake. Ni matamu, tunakunywa, lakini yana madini mengi na pH yake (kipimo cha ukali wa maji) inakaribia 9, wakati ile ngozi ya oksidi hutulia zaidi kati ya 4 na 8.5 hivi. Boti inayovutwa nchi kavu na kukauka haipati shida. Maji yaliyotuama chini ya ubao miezi na miezi ndiyo yanayotafuna.

Fundi niliyempa kazi ni mzee wa mitumbwi ya mbao. Hiyo ilikuwa 2024, ziwa limefungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, akakubali kunipa nafasi kati ya mitumbwi aliyokuwa akiikarabati. Alumini hakuwahi kuigusa, na aliniambia hivyo siku ya kwanza, jambo lililonifanya nimwamini. Nilitaka tuisukume majini tuone inapovuja. Akasema, "Mwanangu, ukiitia majini utaona maji yako ndani tu, hutajua yamepita wapi. Maji tuyamwage ndani, sisi tukae nje."

Tukaiweka juu ya magogo, tukaijaza maji kiasi cha kifundo cha mguu. Msizidishe hapo: lita 300 ni kilo 300, na boti ikiwa nje ya maji haina kitu cha kuibeba kutoka chini. Kila tone lililotokeza tulilizungushia alama kwa kalamu ya wino mzito. Matone mengi yalitoka kwenye mstari wa ribiti za mkuku, uti wa chini wa boti, na pale mbavu zinapokutana na ubavu wa boti, kwa sababu hapo ndipo mawimbi hugonga. Machache sana yalikuwa ni tundu la bati.

Ribiti iliyolegea haing'olewi papo hapo. Mmoja anakaa ndani na chuma kizito amekikandamiza kwenye kichwa cha ribiti, mwingine nje anagonga kwa nyundo, mapigo mafupi, mpaka ikaze tena. Zilizokwisha kabisa tulizitoboa na kuweka mpya za alumini, zilizojaa, zilizokuja na basi kutoka Dar es Salaam. Zile ribiti za bastola za madukani hazifai chini ya maji, ziko wazi katikati na nyingi zina msumari wa chuma ndani, unaoshika kutu na kuacha njia. Juu ya mistari yote tukapaka gundi ya mpira ya poliyurethani kwa ndani. Mzee huyu mkono wake ni wa kazi. Kila ribiti aliipapasa kwa kidole gumba kabla ya kuhamia nyingine, na boti haijavuja tangu hapo.

Karakana moja ya kuchomelea siwezi kuisifu. Waliniambia watauziba ufa mdogo wa omoni, mbele ya boti, kwa mashine ileile ya kuchomelea mageti. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, oksidi iliyo juu yake haiyeyuki mpaka zipite 2,000, na alumini kabla ya kuyeyuka haiwi nyekundu ikakuonya. Kazi hiyo inataka mashine yake na gesi ya agoni. Niliondoka na boti yangu, tukapiga kiraka cha bati la alumini kwa ribiti na gundi, na kimeshika.

Ubao wa tezi tulichonga wa mninga kutoka Tabora. Ile plaiwudi ya marini inayouzwa kwa mafundi wa zege nimeikataa, imetengenezwa kwa ajili ya zege na si kwa kulowa kila siku. Mninga hauchezi sana ukilowa na kukauka. Tuliupaka vanishi pande zote hata ndani ya matundu, na bolti ni za chuma kisichoshika kutu, kila moja na washa ya plastiki ili isigusane na bati.

Jambo ambalo nawasihi wenzangu wasilipuuze ni uelezi, yaani uwezo wa boti kuelea. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji bado unakupa kitu cha kushika. Alumini ikijaa inazama, na ziwa letu kilindi chake kinafika mita 1,470. Ndiyo maana chini ya viti huwekwa sponji. Yangu ilikuwa imenyonya maji, kipande cha kukumbatia kilihitaji watu wawili kukibeba. Badala yake nimepanga madumu matupu ya lita tano, yale ya mawese, vifuniko vimezibwa kwa gundi, yamefungwa yasichomoke. Kila lita ya hewa inabeba karibu kilo moja. Kwa boti hii na injini yake peke yake nilihitaji lita 100 hivi, nikaongeza za watu. Stairofomu ni nyepesi, lakini petroli ikiimwagikia inayeyuka.

Rangi si lazima. Mimi nimepaka nje tu, juu ya praima ya alumini, kwa sababu bila hiyo rangi hubanduka kwa maganda. Kusugua tumesugua kwa msasa na brashi ya nailoni. Brashi ya waya wa chuma huacha chembe zinazoshika kutu. Rangi za kuzuia majani zenye shaba zisikaribie.

Matumizi sasa. Wepesi wake ni raha: tunaivuta mchangani watu wanne bila kuita kijiji. Lakini wepesi huohuo unaifanya isukumwe na upepo wa kusini wakati wa kiangazi, mawimbi yanagonga kwa kelele, na saa saba mchana bati ni la moto hata kukalia, kwa hiyo weka mbao kwenye viti. Kwa dagaa usiku, kwenda mbali na nyavu na taa, sitaichukua. Mitumbwi mikubwa ya mbao inaifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Usajili na ukaguzi ni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), leseni ya uvuvi ni halmashauri, na jaketi okozi liwepo la kila anayepanda. Kabla ya kununua injini pima kimo cha tezi kutoka juu hadi chini. Injini ya shafti fupi inataka kama sentimita 38, ndefu kama 51. Ndefu kwenye tezi fupi itaburuta maji na kugusa mawe ya ufukweni, fupi kwenye tezi ndefu itavuta hewa.